Ng'ombe Wasio na Mwenyewe kwenye Ramani ya Mji

Hapana, Nyangeta, mpango wa mji hauanzi siku picha ya satelaiti inapofunguka kwenye kompyuta. Ulisema hivyo jana tukichambua dagaa, na leo umerudia, ukaongeza kwamba kutembea mtaa kwa mtaa kuuliza watu kulikuwa kwa enzi zetu kwa sababu hatukuwa na kitu kingine. Sikukujibu vizuri maana mboga ilikuwa inaungua. Sasa najibu kwa maandishi, kwako na kwa wenzako wote mnaoanza kazi hii. Someni hadi mwisho, mimi sina subira ya kuandika mara mbili.

Kwa wasiotujua: Nyangeta ni binti wa kaka yangu. Amemaliza chuo, amepata mkataba kwenye timu inayoanza kuandaa mpango mpya wa mji wetu wa Musoma, na anakaa kwangu hapa Mwisenge. Mimi, Mama Makuru, ni mstaafu wa kazi hiyohiyo ya mipango miji. Niliingia na cheti cha kidato cha nne nikiwa mshika mnyororo wa kupimia, nikatoka na cheti kilekile nikiwa mkusanya maoni ya wananchi. Katikati hapo nimefuta ramani nyingi kuliko nilizochora.

Na kufuta kwenyewe mngekuona. Tulikuwaga tunachora kwa wino kwenye karatasi nyepesi inayopitisha mwanga. Ukikosea, unachukua wembe, unakwangua wino taratibu. Ukikwangua kwa hasira karatasi inatoboka na unaanza upya. Mimi nilitoboa nyingi. Mzee Masatu, mchora ramani aliyenifundisha, alikuwa anaziangalia kwenye mwanga wa dirisha halafu ananiambia, "Binti, hii umechora chujio la chai."

Nyangeta akikosea anabonyeza kitufe, kosa linaondoka bila kidonda. Sina ugomvi na hilo. Ile droni yao inaona kwa asubuhi moja kile tulichokuwa tunakitembelea kiangazi kizima, na haiumwi na mbwa. Ninachobishia ni kitu kimoja. Mpango ukianza, kabla hamjasema mji uwe vipi kesho, mnachora kwanza mji ulivyo leo. Hiyo inaitwa ramani ya hali halisi. Vijana wengi wanaifanyaga mbiombio, wanaona ni kazi ya kuandika tu kilichopo. Lakini kitu ambacho hakimo kwenye ramani hiyo ya kwanza, kwenye ramani ya pili kitaitwa mvamizi. Nimeona vinyozi, makanisa, hata kisima, vikiitwa wavamizi mahali vilipokuwepo kabla ya huyo anayeviita hivyo.

Kwa hiyo mnauliza. Na kuuliza kuna namna yake, ambayo sisi tuliijua baada ya kukosea.

Tulienda Nyamuswa, huko Bunda, kuandaa mchoro wa senta ya maduka. Ni kwetu kule, nilikuwa nimejipanga nionekane. Kazi ya kwanza ilikuwa kuzipa nyumba namba ili zihesabike. Rangi tuliyopewa ilikuwa nyekundu, kwa sababu ndiyo iliyokuwepo stoo. Tukaandika siku nzima ukutani, namba nzuri, kubwa. Nchi hii kila mtu anajua rangi nyekundu ukutani maana yake nini. Tuliporudi kesho yake, nyumba za mbele karibu zote zilikuwa na udongo mbichi upande ule wa namba. Mwenye duka mmoja alikuwa ametoa kabati nje, ameliegemeza ukutani, na yeye amekaa kiti mbele ya kabati.

Mzee Masatu akamuuliza, "Mzee mwenzangu, namba yako iko wapi?"

"Namba gani?"

"Tuliyoandika jana."

"Jana sikuwepo."

"Tulisalimiana jana. Ukaniuliza habari za Musoma."

"Ulimsalimia mdogo wangu. Tunafananaga."

Wakati huohuo kuna mama wa nyumba ya nyuma, tuliyemruka kwa sababu rangi ilikwisha, anatufuata kila tunakoenda. "Na mimi niwekeeni hiyo namba. Umeme ukija mtasema nyumba yangu hamkuiona." Rangi moja, senta moja. Huyu ameona bomoabomoa, yule ameona nguzo za umeme. Nilitaka nicheke, Mzee Masatu akaninyamazisha kwa jicho. Njiani akasema, "Hatukuwaambia tumekuja kufanya nini. Sasa kila mtu amejiambia mwenyewe." Tangu hapo tulianza na mkutano, ndiyo tukaandika, na tukaandika kwa chaki.

Somo la pili nalisema haraka. Kitongoji cha Mwitongo, pale Butiama, wageni wanafikaga mara mojamoja, tukaambiwa tuchore njia za miguu ili wasizunguke kwenye makazi ya watu. Kulikuwa na njia moja inakuja imenyooka, halafu inapinda, halafu inanyooka tena. Pale inapopinda hapana mti, hapana jiwe, hapana korongo. Mimi nikainyoosha kwenye karatasi, nikaona nimesaidia. Mama aliyekuwa analima pembeni akauliza tunafanya nini, nikamwonyesha.

"Hapo umepita kwenye zizi la baba mkwe," akasema.

"Zizi liko wapi, mama? Mbona silioni?"

"Zizi lilihama. Mbolea haijahama."

Nikaangalia vizuri. Mahindi ya hapo yalikuwa yananipita kichwa, ya pembeni yananifika kiunoni. Kila mtu wa kitongoji alikuwa anazunguka bila kuambiwa, kwa sababu kila mtu alijua. Mzee Masatu hakunigombeza. Alinipa wembe.

Basi, tuje kwenye mgogoro wetu, mimi na Nyangeta, maana hayo mengine nilikuwa nawaandalia mkeka.

Kule mji unapoishia, upande wa ziwa, kuna mtaa mmoja ambao zamani ulikuwa mashamba. Siku hizi nyumba za bati jipya zinaufuata kila upande. Katikati ya zile nyumba kuna mwanya mrefu, udongo umekanyagwa hadi umekuwa mgumu kama sakafu, unashuka mpaka majini. Hiyo ni njia ya ng'ombe. Inatumiwa zaidi na Mama Wegesa, mjane anayechunga ng'ombe pale na kuuza maziwa mjini asubuhi. Hana kazi nyingine. Mwanya ukigawanywa viwanja, ng'ombe hawafiki majini, na maziwa ndiyo basi.

Jana Nyangeta alikuwa amefungua ramani mezani kwangu. Nikaweka kidole kwenye mwanya ule. Pembeni yake pameandikwa "ardhi wazi", na katikati kamstari kembamba.

"Hii njia mmeiitaje?"

"Njia ya miguu, shangazi."

"Ni ya ng'ombe."

"Picha inaonyesha njia. Haionyeshi nani anapita."

"Ndiyo maana watu wanaulizwa."

"Tumeuliza." Akafungua ukurasa mwingine. "Mtaa mzima tumepita na dodoso, kama mitaa mingine yote. Swali liko hapa: una ng'ombe wangapi? Watu wote wamejibu hawana. Sasa shangazi, takwimu zinasema mtaa ule hauna ng'ombe. Nitaandikaje njia ya ng'ombe kwenye mtaa usio na ng'ombe?"

Hapo alinibana, nikubali. Tofauti yake siyo ndogo. Njia ya miguu kwenye mpango inapewa upana wa watu wawili kupishana na kusalimiana. Ng'ombe hawapishani hivyo. Ukiwabana wanaingia kwenye mchicha wa mtu, na kesho yake mwenye mchicha yuko kwa mtendaji.

Nikamwambia watu wale hawakudanganya. Akasema, "Kwa hiyo ng'ombe wanajichunga?"

Hapa nyie mliozaliwa mjini, na nyie mnaotoka mikoa mingine, nisikilizeni. Kwetu mtu hataji idadi ya ng'ombe wake. Siyo siri ya serikali, ni kwamba haitajwi tu, kama usivyomuuliza mama mjamzito anazaa lini. Na hilo ni dogo. Kubwa ni kuwekesha. Mtu akiwa na ng'ombe hawaweki wote kwake. Mmoja kwa shemeji, wawili kwa rafiki, ugonjwa ukija usikute wote zizi moja. Anayetunza anapata maziwa na samadi, ndama ni wa mwenyewe. Sasa wenye mishahara na wastaafu wa mjini nao wanafanya hivyohivyo: ng'ombe wake yuko pembeni ya mji kwa mtu anayejua kuchunga. Nenda na swali lako. Muulize anayechunga, "Una ng'ombe?" Atasema hana, ni wa watu. Mfuate mwenyewe sebuleni kwake, "Una ng'ombe?" Ataangalia uani, haoni ng'ombe, atasema hana. Wote wawili wamesema kweli, na zizi limejaa.

Nyangeta akarudi kulitazama swali lake. Siyo kwamba hajui, amezaliwa hukuhuku. Alikuwa hajawahi kuyaona yamekaa kwenye jedwali.

"Swali lingekuwaje?" akauliza.

"Usiulize mali. Uliza njia. Ng'ombe wanakunywa wapi maji, wanapita wapi, wanapita saa ngapi. Hilo hata mtoto atakujibu, halimuumizi mtu."

"Dodoso limeshafungwa, shangazi."

"Basi fungua."

"Siyo mlango huo."

Tukaishia hapo, na mimi sikulala na jambo. Leo asubuhi nikapanda bodaboda hadi kwa Mama Wegesa. Nilimkuta anaosha madumu ya maziwa. Nikamweleza yote: mpango mpya unaanza, ramani ya hali halisi itasomwa kwenye mkutano wa mtaa, njia yake imeandikwa kama ya watu. Nikamwambia asimame aseme ni ya ng'ombe.

Hakuacha kuosha. "Nikishasema, nani ataulizwa ng'ombe wa nani?"

"Wewe."

"Na kesho yake wa sheria ndogo za mifugo atakuja kwa nani?"

"Kwako."

"Sasa Mama Makuru, unanipenda au unaniuza?"

"Usiposema watapima viwanja."

"Najua. Mimi kipofu? Wale wenye vigingi na kamba nawaonaga." Akaliinamisha dumu, maji yakatoka. "Mimi niseme nini? Ng'ombe siyo wangu hata mmoja. Yule mwenye baka ni wa mwalimu. Wale weusi ni wa mwenyekiti wa mtaa. Huyo mwenye pembe moja ni wa nesi. Mnakuja na gari ndama akizaliwa, mnapiga picha. Siku ya karatasi siwaoni."

Nikageuka kuangalia zizi.

"Na huyo anayekuangalia," akasema, "ni wa nani?"

Alikuwa mtamba mwekundu, amesimama mlangoni mwa zizi anatafuna. Ni wangu. Nilimnunua nilipostaafu, nikamweka pale, na hapa nyumbani hakuna anayejua.

"Kijana wa kishikwambi, yule wa maswali, alifika kwako Mwisenge kuuliza?" Mama Wegesa akaendelea. "Ulimwambiaje?"

"Nilitaja kuku."

Akacheka hadi akaweka dumu chini. "Mwanamke umefanya kazi ya kuuliza watu maisha yako yote. Ukaulizwa wewe, ukataja kuku."

Nilijibu kama wenzangu wote. Swali lilikuja vile, jibu likaenda vile. Lakini nataka mjue kwa nini hata mimi, niliyekuwa namfundisha Nyangeta mezani kwangu, sikutaka ng'ombe yule atajwe. Kwetu ndugu wakisikia una ng'ombe, harusi zinaongezeka. Wambura, kaka yake Nyangeta, anatafuta mahari tangu mavuno. Alikuja, akakaa pale kwenye kochi, akaniuliza kwa heshima, "Shangazi, hata mmoja wa kuanzia?" Nikamwambia hali unaiona mwenyewe. Akaangalia sebule, akaiona hali, akaondoka.

Jioni nikamweleza Nyangeta jikoni. Nilijua ataanza na lipi.

"Kaka ulimwambia huna."

"Nilimwambia hali anaiona."

"Ndiyo kusema huna."

"Haya."

Akageuza ugali, akaufunika. Halafu akasema, "Na takwimu zangu umeziharibu."

"Mimi na mwalimu, na nesi, na mwenyekiti wako wa mtaa."

"Mwenyekiti naye?" Akavuta kigoda, akakaa. "Shangazi, mwenyekiti ndiye aliyesema kwenye kikao cha kwanza kwamba mtaa wake ni wa kisasa, hauna mifugo. Ipo kwenye muhtasari."

"Ng'ombe wake ni weusi. Wamenenepa."

Tulicheka wote wawili, ila cheko lake liliisha mapema. Nikamwambia basi aandike tu, sasa amejua. Akakataa. Nawaandikia maneno yake kama alivyoyasema, maana ni bora kuliko ya kwangu:

"Siwezi kubadilisha ramani kwa sababu shangazi yangu kaniambia jikoni. Leo nitabadilisha kwa ajili yako, kesho mwenye kiwanja atakuja na shangazi yake. Kesho asubuhi ni mkutano wa mtaa, ramani inasomwa mbele ya watu. Mwananchi akisimama akataja jambo, linaandikwa, tunaenda kulikagua siku hiyohiyo, linaingia. Asiposimama mtu, mwenyekiti anafunga, inabaki njia ya miguu. Lakini lazima mtu asimame, na lazima awe na ng'ombe. Mama Wegesa akisimama peke yake watamla."

"Na sheria ndogo?"

"Hazikatazi kufuga. Zinataka kibali na zizi lililokaguliwa. Hakuna anayeomba kibali, kwa sababu hakuna mwenye ng'ombe." Akasema bila kutabasamu. "Wakiwa wengi wakaomba pamoja, ni kikao. Akiwa mmoja, ni kesi."

Mzee Masatu alinifundisha kwamba kwenye mkutano wa hadhara watu hawajibu swali, wanamjibu mtu wa kwanza aliyeongea. Wa kwanza akilalamikia barabara, wote watalalamikia barabara hadi jua lizame. Wa kwanza akisema "hapa hatuna shida", mmefunga daftari. Kwa hiyo yeye kabla ya mkutano alikuwa anazunguka kutafuta mtu mmoja mwenye jambo la kweli, anamkalisha mbele, na akishafungua mkutano anamwangalia yeye. Vijana wa siku hizi wanaliitaga jambo hilo kupanga matokeo. Sijui. Mzee hakuwa anampa mtu maneno. Alikuwa anampa kiti.

Nimeyawaza hayo usiku huu wakati Nyangeta anachapa vibango vyake vya kesho chumba cha pili. Nimempigia mwalimu, kasema atafikiria. Nesi yuko zamu. Mwenyekiti simpigii, atajisikia mwenyewe mbele ya watu, na hao ng'ombe weusi tumwachie awataje au awaache.

Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla ya chai, nitampigia simu Wambura, maana habari ya ng'ombe ikisemwa mkutanoni itamfikia kule Nyamuswa kabla ya saa sita, na afadhali aisikie kwangu. Akiuliza kama mtamba yule ni wa mahari, nitamjibu tuongee Jumapili. Nitaenda hadi zizini kwa Mama Wegesa, nitoke naye nyuma ya ng'ombe, nishuke ile njia mpaka majini nione mwenyewe pale panapobana. Halafu nitapanda mkutanoni na viatu vyangu vikiwa na tope hilo. Nitakaa benchi la mbele, na Mama Wegesa akae pembeni yangu, asiseme kitu. Wakishasoma "njia ya miguu", nitanyoosha mkono kabla mtu yeyote hajasema barabara, nitataja jina langu, na nitasema nina ng'ombe.